Basikasingo: wawindaji waliokuwa hapa mbele ya Babembe

Hapa Misisi, mgeni kabla hajaonyeshwa shimo anaulizwa: "Weye ni wa nyumba gani?" Kwa mchimbaji aliyetoka Bukavu ao Kalemie, hilo linaonekana swali la bure. Kwa watu wa Fizi, jibu lake linaonyesha nani ni ndugu, nani hawezi kumuoa nani, na mzee gani ataitwa siku shamba linageuka kariere.

Nyumba nyingi za Babembe zinaanza na "Basi": Basim'minje, Basikalangwa, Basimukuma. Leo tuongelee Basikasingo, maana historia yao inapindua kidogo ile tuliyozoea. Serikali inajua grupema ya Basikasingo katika sekta ya Lulenge, jirani na sisi wa Ngandja. Wanasema Kibembe, wanahesabiwa Babembe, na nani atawakatalia? Lakini Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyezunguka milima hii mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu kilichotoka mwaka wa 1981: mababu zao walikuwa wawindaji, na Babembe walipoingia kutoka upande wa Balega, waliwakuta humu. Wageni wakawa wengi, wenyeji wakachukua lugha ya wageni. Kumbe hata "mwenyeji" ana mwenyeji wake!

Kitu kimoja kilibakia chao: sanamu za mababu. Ni za mbao, zenye ndevu, mikono imeshika tumbo. Hazikuwa mapambo, zilikaa kwenye kibanda chake, na watu wa nyumba walijua ni babu gani. Nyingi zilivuka kwenda Ulaya. Huko wauzaji waliziandika "Buyu" ao "Bembe", basi, zikauzwa bei kubwa chini ya jina la jirani. Sisi tunaona huo ni wizi wa pili.

Halafu vita. Mwaka wa 1964 watu walikimbilia porini; kuanzia 1996 wengi walivuka ziwa mpaka kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Watoto waliozaliwa kule wanarudi, wengine wanashuka shimoni hapa kwetu, na wakiulizwa nyumba yao wanataja jina la baba tu. Mzee aliyejua majina ya juu alishazikwa ng'ambo.

Na hapo mambo yanakuwa magumu. Sheria ya 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Kodi ya mines ya 2002 inasema dhahabu pia. Lakini PDG hafungui shimo bila kuongea na wenye kilima, na wenye kilima wanagawana kufuatana na nyumba. Kijana asiyeweza kupanda mpaka kwa babu wa tatu anakaa nje ya hayo mazungumzo, hata kama mifupa ya babu yake iko chini ya mchanga wanaoosha. Ndiyo maana familia zingine sasa zinaandika majina kwenye kaye ya shule, upande wa baba kwanza, wangali na mzee wa kuuliza.