Nilimwita kijana wangu "mwizi" sokoni. Soma hii kabla hujamfukuza wa kwako

Tumezoea hapa kuongelea mtaji, mzigo na wateja wa "nitakulipa kesho". Leo mnivumilie, nina jambo ambalo limenila hela kuliko panya na wadaiwa sugu wote wa daftari langu. Ni unga na pombe. Na mawazo, yale ya kukesha unaangalia dari mpaka adhana ya alfajiri.

Mimi nina duka la vyakula Temeke, Dar es Salaam. Nilikuwa na kijana wa dukani, miaka 22, mchapakazi kweli. Anafungua saa 12 asubuhi, anapanga magunia, wateja wanamuulizia akikosekana. Ananiita mama, na mimi nilishamzoea kama mtoto wangu.

Basi bwana, hesabu zikaanza kupungua. Leo elfu tatu, kesho kopo la maziwa. Nikajiambia labda nakosea kuhesabu. Kijana naye akaanza kukonda, anasinzia akiwa amesimama kwenye kaunta, anajikuna, na kwenye joto la Dar anavaa shati la mikono mirefu. Nikajua ni malaria, nikampa hela ya dawa. Yaani nilimpa hela mkononi, wapendwa!

Siku moja jioni nafunga hesabu, imepungua shilingi 180,000. Hela ya mzigo wa mchele, na gari linashusha kesho yake. Nikamkuta nyuma ya stoo anatetemeka, mafua yanamtoka, macho yanatiririka machozi. Sikuuliza kitu. Nikapiga kelele: "Mwizi!"

Mnajua neno hilo sokoni maana yake nini. Haikupita dakika mbili, watu wameshajaa, mwingine ameshika nondo. Aliyemwokoa ni mzee mmoja fundi viatu. Alisimama mbele yake, akaniambia: "Mama, huyu mtoto anaumwa. Mwangalie vizuri." Watu wakasitasita, kijana akapata upenyo akakimbia. Mimi nikabaki nimeshika daftari, miguu inacheza. Ile hela ningeirudisha kwa mauzo ya wiki mbili. Roho ya mtu ningeirudishaje?

KIKOBA KIKAGEUKA KITU KINGINE

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na kikao cha kikoba. Tuko wanachama 25. Nikaomba niongee kabla ya hisa, nikasimulia yote, bila kujitetea. Mwenyekiti wetu akauliza: "Nani mwingine ana mtu nyumbani anayesumbuliwa na ulevi au dawa za kulevya? Anyooshe mkono." Kimya. Mkono mmoja ukapanda, wa pili, wa tano. Tulihesabu mikono 11.

Halafu dada mmoja wa mbogamboga, mcheshi kuliko sisi wote, akasema yeye hana mlevi nyumbani, ila ana mikopo mitatu ya kausha damu, hajalala wiki ya tatu, na juzi alifikiria kumaliza maisha yake. Tulikuwa tunamwona kila siku anacheka na wateja.

Siku hiyo hatukugawa mkopo. Mfuko wetu wa jamii, ule wa misiba na wagonjwa, unachangiwa elfu moja kwa wiki kila mtu. Tukakubaliana kwamba kuanzia sasa ugonjwa ni pamoja na huu. Yafuatayo ni mambo 6 tuliyojifunza, mengine kwa gharama kubwa.

1. JUA UNACHOKIONA

Heroini, ambayo mtaani tunaiita unga, ina dalili zake. Mtu akiwa ametumia anasinzia hovyo, anajikuna, mboni za macho zinakuwa ndogo sana. Ikimwishia mwilini inakuja arosto: mafua, machozi, miayo, jasho, tumbo kuharisha, mwili mzima kuuma. Kijana wangu pale stoo alikuwa kwenye arosto. Mtu akiwa kwenye hali hiyo, hela iliyo mbele yake haioni kama mtaji wako, anaiona kama dawa ya maumivu. Hilo halihalalishi wizi, lakini litakusaidia kujua pa kuanzia.

2. TIBA IPO, NA METHADONI NI BURE

Hili wengi hatukulijua. Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke, na sasa huduma ipo mikoa kadhaa, ikiwemo Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga. Ni dawa ya maji. Mgonjwa anakunywa mbele ya mhudumu, inazuia arosto kwa muda wa siku nzima hivi, na dozi ikishakaa sawa mtu anafanya kazi zake kama kawaida. Inatibu uraibu wa heroini na jamii yake, haitibu pombe wala bangi.

Tulimtafuta kijana kupitia waelimisha rika, vijana ambao wenyewe wamepita huko na wanajua maskani zote. Walimpata baada ya siku tisa. Akapimwa mkojo, akachunguzwa kifua kikuu na VVU, akapata ushauri nasaha, akaanza dawa.

Shida sasa ni kwamba lazima aende kila siku. Yeye anakaa Mbagala, nauli ya kwenda na kurudi ni 1,200, kwa mwezi ni 36,000. Watu wanaacha tiba ya bure kwa kukosa nauli! Mfuko wa jamii ukalipa miezi miwili ya mwanzo, 72,000. Kuna waliolalamika kwamba tunalea mwizi. Mwenyekiti akawaambia: "Sanda ni shilingi ngapi?" Wakanyamaza.

Na akikosa siku kadhaa mfululizo, asirudi akadai dozi ile ile. Wahudumu wanaipanga upya, maana mwili umeshapoteza mazoea na dozi ya zamani inaweza kumuua. Vivyo hivyo kuchanganya methadoni na pombe au vidonge vya usingizi, pumzi inaweza kukata.

3. MLEVI WA KILA SIKU ASIACHE POMBE GHAFLA PEKE YAKE

Hapa tulikosea vibaya. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alimfungia mumewe ndani aache pombe. Yule baba alikuwa anakunywa gongo asubuhi mpaka usiku kwa miaka. Siku ya pili akaanza kutetemeka, anaona vitu visivyokuwepo, kisha degedege. Walimwahisha hospitali, akapona kwa bahati. Daktari akatueleza kwamba mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege na hata kufa. Kwa hiyo anzia hospitali, apewe dawa za kumshusha salama. Baada ya hapo ndipo yaje maombi, dua na ushauri wa wazee, navyo vinasaidia sana.

4. ANGALIA RAFU YAKO MWENYEWE

Hili linaniuma. Mimi niliuza viroba mpaka serikali ilipovipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017. Vilikuwa vinatoka kuliko sukari. Bodaboda wananunua asubuhi, wanafunzi wananunua jioni, na mimi najisemea kama siuzi mimi atauza jirani. Marufuku ilipokuja nililia na boksi zilizobaki stoo. Leo nikikumbuka vile vitoto vilivyokuwa vinatumwa, au vinajifanya vimetumwa, najisikia aibu.

Sasa tuna utaratibu sokoni kwetu. Sigara hatumuuzii mtoto wa chini ya miaka 18 hata akisema katumwa na baba, na sheria iko hivyo tangu 2003. Pombe ni hivyo hivyo. Gundi ya viatu hapewi mtoto. Faida ya kete moja ya tamaa hutaikuta benki, utaikuta inavunja kufuli la duka lako usiku.

5. WEKA BENCHI

Kule Zimbabwe, daktari wa afya ya akili anayeitwa Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 eneo la Mbare, Harare. Bibi wa mtaani, wakapewa mafunzo ya kusikiliza watu na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine, wakiwa wamekaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa na wale bibi walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Sisi hatuna mradi wa hivyo, tuna benchi la fundi viatu. Tulimwomba afisa ustawi wa jamii atufundishe wanachama watatu namna ya kusikiliza na wakati wa kumpeleka mtu hospitali. Sheria ni mbili: hakuna kuhubiri, na la benchi linabaki benchini. Ukihisi mtu anafikiria kujiua, muulize waziwazi. Humtii wazo jipya kichwani, unampa nafasi ya kutua mzigo. Akikubali, usimwache peke yake, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Yule dada wa mbogamboga alikutwa na sonona, akaanza matibabu. Na mikopo yake tuliiweka mezani: kikoba kikamkopesha wa riba ndogo, akafunga ile mitatu, akabaki na deni moja la kueleweka. Usimwambie mtu "usiwaze" wakati mkopeshaji anamgongea mlango. Panga naye hesabu.

6. KAZI NDIYO, KAUNTA BADO

Kijana alinirudia baada ya miezi minne ya methadoni. Nilimchukua, lakini kwa masharti ambayo tuliandikiana mbele ya mwenyekiti. Anaanza saa 4 asubuhi, akitoka kunywa dawa. Anapanga mzigo na kupeleka oda, hagusi droo ya hela. Mshahara kwa wiki, nusu inaingia hisa za kikoba kwa jina lake, kwa ridhaa yake. Na ile 180,000 analipa, elfu tano kila Jumamosi.

Wengine waliniona mkatili. Mwenyewe aliniambia: "Mama, usinipe hela nyingi kwanza, najijua." Kumwamini mtu kunarudi kidogo kidogo kama mtaji, huwezi kurudisha wote siku moja.

Sitaki muone kama kila kitu kimeenda sawa. Tumesaidia watu saba. Wawili waliacha tiba katikati. Mmoja, mtoto wa mwenzetu, tulimzika mwaka jana. Mama yake bado anakuja kikaoni kila Jumamosi, na yeye ndiye wa kwanza kuchangia nauli za wengine.

Ukiwa Tanzania na hujui pa kuanzia, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wana namba ya bure, 119. Au anza na ustawi wa jamii kwenye kata yako, au hospitali ya wilaya. Usianze na kelele kama mimi.

Deni la kijana lilichukua Jumamosi 36. Hakuruka hata moja, hata wiki aliyolazwa alimtuma mdogo wake. Siku ya mwisho aliniwekea noti ya elfu tano juu ya kaunta, nikaichukua, nikamwambia tumemaliza mwanangu, nenda.

Hakuondoka. Akasema, "Mama, naomba uniandikie risiti."

Nikamwandikia. Ameibandika ukutani kwake, karibu na kadi ya kliniki. Dawa bado anaenda kunywa kila asubuhi. Na tangu mwezi uliopita, ufunguo wa droo anao yeye.