Vyombo vya Umeme Katika Mashua Iliyokwisha Tumiwa

Mvuvi anunuaye mashua iliyokwisha tumiwa hutazama sana mbao zake, mkuku wake na injini yake. Lakini vyombo vya umeme, kama redio na kipima kina, huvitazama mwisho, na akiviona kimya huvitupa. Haifai kufanya hivyo upesi. Mara nyingi chombo kikongwe kilicho kimya hakikuharibika ndani. Ugonjwa wake umo katika nyaya zinazokiletea umeme.

Sababu yake ni maji ya chumvi. Unyevu wa bahari huingia katika ncha za nyaya, nayo shaba hufanya kutu ya kijani ambayo haipitishi umeme vyema. Basi umeme utokao katika betri ukiwa na nguvu hufika katika redio ukiwa umedhoofika, kama maji yapitayo katika mfereji uliojaa takataka.

Kwa hiyo anza na betri, wala usianze kwa kuifungua redio. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzishwa yapasa kuonyesha kama volti 12.6, ikiwa chini ya volti 12, imekaribia kwisha. Usivute sigara karibu nayo, maana betri inapotiwa umeme hutoa hewa iwezayo kulipuka. Kisha zifungue nyaya, ukianza na ule wa hasi, uzisugue ncha zake kwa msasa mpaka zing'ae. Waya uliogeuka mweusi au kijani ndani ya ngozi yake haufai kusuguliwa, ubadilishwe. Tena fyuzi ikiungua, usitie waya mnene mahali pake. Fyuzi huungua ili mashua isiungue.

Wengi hushangaa kuona redio inasikia lakini haisemi. Jambo hili lina sababu. Redio ya mashua inaposikiliza hula umeme kidogo tu. Inaposema kwa nguvu zake zote, yaani wati 25, huhitaji kama ampea 5 au 6. Waya mbovu huweza kupitisha umeme ule mdogo, lakini huu mwingi hauwezi. Hivyo nahodha huwasikia wenzake wakizungumza, akaamini kuwa redio yake ni nzima. Na siku ya dhoruba huita msaada asisikiwe na mtu. Basi volti zipimwe nyuma ya redio wakati inaposema, si wakati inaponyamaza. Wala usiseme kamwe kabla ya kufunga eriali, maana waweza kuiunguza redio. Kazi ikiisha, jaribu kuzungumza na mashua nyingine. Kumbuka kuwa chaneli 16 ni ya kuitana na ya kuomba msaada. Mazungumzo yafanywe katika chaneli nyingine.

Kipima kina hufanya kazi ya bildi ya wazee. Hutuma sauti chini, nayo hurudi kama mwangwi. Katika maji ya bahari sauti huenda kama mita 1,500 kwa sekunde. Ikirudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, imekwenda mita 150 kwenda na kurudi, basi kina ni mita 75. Chombo hiki kikikosea, tazama kwanza kile kidude kilicho chini ya mashua. Makombe na magugu yakikifunika, sauti haipiti. Yaondoe taratibu kwa ubao, si kwa chuma.

Chombo kikongwe cha GPS huweza kuonyesha tarehe ya miaka ishirini iliyopita. Hesabu ya majuma yake hufika 1,023 ikaanza tena, kama ilivyofanya mwaka 1999 na 2019. Mahali kionyeshapo pakiwa sahihi, tarehe si neno. Lakini kijaribu kwanza bandarini, mahali upajuapo.

Kazi hizi zahitaji bisbisi, msasa, kipimo cha umeme na subira. Kuifungua redio yenyewe mwachie fundi. Bahari haishi zinge. Ni afadhali kuutambua ubovu wa waya mashua ikiwa gatini kuliko kuutambua usiku, nje ya mwamba.