Hewa Nyepesi, Tabo na Mlima wa Ijumbi

Land Cruiser Hardtop ikipandisha kwenda Ijumbi, wilayani Muleba mkoani Kagera, imebeba abiria, mikungu ya ndizi na magunia mawili matatu ya kahawa, husikika kabla haijaonekana. Dereva anarudi gia ya pili, injini inanguruma, moshi unabaki nyuma kwenye migomba. Haina mbio, lakini itafika. Nyingi kati ya gari hizo chini ya boneti zina injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, bila tabo.

Injini ya namna hiyo hujivutia hewa yenyewe, na hapo ndipo penye kesi. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na barabara zote za Bukoba na Muleba ziko juu ya hapo. Hewa ya huku imepungua uzito kwa takriban sehemu moja ya kumi ukilinganisha na ya Dar es Salaam, na nguvu ya injini inapungua nayo. Naivasha, yanakotimua vumbi magari ya Safari Rally tangu irejee kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ni karibu mita 1,900. Huko pengo ni kubwa zaidi.

Dawa yake ilipatikana zamani. Mswisi Alfred Büchi aliomba hataza ya tabo mwaka 1905: feni mbili kwenye mhimili mmoja, moja ikizungushwa na moshi wa eksozi, nyingine ikisukuma hewa kwenye silinda. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Ndiyo maana fundi mzoefu akiletewa Subaru yenye tabo hakimbilii spana kubwa. Anachomoa bomba la hewa, anaingiza vidole, anashika ncha ya mhimili na kuutikisa. Ukicheza kidogo tu, sawa. Feni ikigusa ukuta, au bomba likiwa limelowa oili, anaanza kumwandaa mwenye gari kisaikolojia.

Kwa hesabu ya hewa, tabo ingepaswa kutawala Safari mapema. Wapi! Mashindano hayo yalianza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka thelathini yalikuwa mali ya injini za kawaida. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, jirani kabisa na Kagera, alichukua mara tano: 1973 kwa Datsun 240Z, halafu miaka minne mfululizo kuanzia 1979. Mwaka 1983 Audi walikuja na Quattro, yenye tabo na inayovuta kwa magurudumu yote manne, gari lililokuwa limeshawatia wenzake adabu Ulaya. Ari Vatanen akawapita kwa Opel Ascona 400, isiyo na tabo, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Audi zikashika nafasi ya pili na ya tatu.

Sababu? Tabo huzidisha joto, na Safari ya enzi hizo ilikuwa maelfu ya kilomita za vumbi, mawe na matope. Tena tabo za wakati ule zilichelewa kuamka. Dereva anakanyaga mafuta akitoka kwenye kona, anasubiri, kisha nguvu inakuja yote kwa mpigo. Kwenye udongo mwekundu uliolowa mvua, kama ule wa Muleba mwezi wa nne, mpigo huo ni safari ya kuingia mgombani.

Waliofumbua fumbo ni Toyota. Celica yao yenye tabo ilishinda 1984 na Björn Waldegård, 1985 na Juha Kankkunen, 1986 na Waldegård tena. Haikuwa gari kali kuliko yote. Peugeot na Lancia walikuwa na mashine za kutisha zaidi miaka hiyo, lakini Safari iliwashinda. Celica ilikuwa rahisi, ya magurudumu ya nyuma, iliyotengenezwa ivumilie. Baada ya hapo hadi 2002 kila mshindi alikuwa na tabo, akiwemo Mkenya Ian Duncan mwaka 1994. Mike Kirkland, Mkenya mwingine, alikaidi kidogo: 1988 na 1989 alimaliza wa pili kwa Nissan 200SX ya V6, bila tabo.

Na Waldegård mwenyewe, aliyeipa tabo ushindi wake wa kwanza Safari, alirudi Afrika Mashariki mwaka 2011 kwenye Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani. Alikuwa na miaka 68, msoma ramani wake akiwa mwanawe, Mathias. Akashinda kwa Porsche 911 inayojivutia hewa yenyewe.