Kuhamisha akiba kubwa ya habari katika diski mpya

Biblioteki nyingi zimeacha kadi za karatasi. Majina ya mabuku yao yamo sasa katika ordinateri. Programu moja ijulikanayo kwa kazi hiyo ni Koha, iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kutumika Januari 2000. Koha yenyewe haishiki habari. Inazikabidhi kwa programu nyingine inayolinda akiba, ndiyo MariaDB ao MySQL.

Inakuja siku diski inajaa ao inazeeka. Shurti akiba yote ihame. Wengi wanadhani ni kunakili tu, kama mtu anakilivyo barua. Sivyo. Kazi ya miaka kumi yaweza kupotea kwa saa moja. Tuone sababu, kisha njia.

Sababu ni hii. Mlinzi wa akiba anafanana na karani. Habari mpya haiandiki mara moja katika buku kubwa. Kwanza anaiandika upesi katika daftari ndogo na kuishika katika kumbukumbu ya mashini. Baadaye ndipo anaipeleka mahali pake. Katika MariaDB, daftari hiyo ni fishie iitwayo ib_logfile0. Mabuku ni ibdata1 na fishie zenye mwisho wa.ibd. Ukinakili wakati karani angali anaandika, utapata buku la saa tatu na daftari ya saa nne. Hayapatani. Pengine mlinzi atakataa kuamka. Pengine ataamka, na kosa litaonekana baada ya miezi, akiba ya zamani imekwisha kufutwa. Hilo la pili ni baya zaidi.

Basi, njia ni hii:

1. Kwa chombo mariadb-dump, andika habari zote katika fishie moja, uiweke katika diski ya tatu: si ya zamani, wala si mpya.

2. Hesabu mabuku na wasomaji walioandikwa. Andika hesabu hiyo kwenye karatasi.

3. Zima mlinzi mwenyewe. Kufunga dirisha la Koha hakutoshi. Hakikisha amelala kweli.

4. Nakili kartabu yote. Katika Debian ni /var/lib/mysql. Tumia rsync -a, maana inalinda jina la mwenye fishie. Mwenyewe ni mysql. Jina likibadilika, mlinzi hawezi kuzifungua. Pima saa mbele: gigabaiti 200, kwa megabaiti 100 kila sekunde, ni sekunde 2 000, karibu dakika 33. Kwa megabaiti 30 tu, ni karibu saa mbili. Betri yako iweze kupita muda huo. Umeme ukikatika, rudia rsync, itanakili zilizobaki.

5. Onyesha mahali papya: badilisha neno datadir katika fishie ya mipango, ao funga diski mpya mahali palepale pa zamani, programu zisione badiliko lolote.

6. Washa mlinzi. Soma daftari ya makosa, pitisha mariadb-check, kisha hesabu tena. Hesabu isipopatana na karatasi yako, usiruhusu mtu kuandika kitu: zima, urudi kwenye diski ya zamani.

Pengine mtu atauliza: diski ya zamani nifanye nini? Usiifute. Iweke kando kwa majuma kadhaa, bila kuandika kitu ndani yake. Lakini usiitegemee kupita kiasi: tangu asubuhi ya kwanza, kila buku jipya linaandikwa katika diski mpya tu, na ile ya zamani haijui. Kwa hiyo, siku ileile ya kuhama, anza kufanya nakala ya akiba mpya, kisha endelea kila juma. Diski mpya nayo itazeeka.