Kitako cha bunduki na nusu milimita inayomtia hasara mnunuzi wa vipuri

MKULIMA wa mahindi wa Texas, Marekani, ana adui ambaye mkulima wa Kilosa anamfahamu vizuri: nguruwe anayeingia shambani usiku na kufukua mbegu kabla hazijaota. Wa kule ni kizazi cha nguruwe wa kufugwa waliotoroka zamani, wakazaliana porini na kuchanganyika na nguruwe mwitu walioletwa kutoka Ulaya. Idara ya Kilimo ya Marekani imewahi kukadiria kuwa hasara na gharama za kuwadhibiti zinafikia dola bilioni 1.5 kwa mwaka.

Sheria za huko zinamruhusu mkulima huyo kumiliki bunduki, na wengi hutumia karabini, yaani bunduki fupi na nyepesi, hasa za muundo wa AR-15. Makala haya hayakusudii kumshawishi msomaji anunue silaha. Kinachonivutia kama mchumi wa kilimo ni kipande kimoja cha bunduki hiyo, kitako chake, na jinsi mnunuzi anavyokichagua. Ndani yake mna funzo kwa kila anayenunua au kuuza vipuri, viwe vya mashine ya kusaga au vya pampu ya maji.

Mwili wa mtumiaji kwanza

Kitako ndicho sehemu inayoegemea bega. Kikiwa kirefu mno, mpigaji hujinyoosha, bunduki huteleza kuelekea mkononi na risasi huenda pembeni. Kikiwa kifupi mno, pua husogelea kidole gumba na shingo hujikunja. Kwa mkulima hiyo maana yake ni mnyama aliyejeruhiwa na kukimbia, au risasi iliyopotea.

Tatizo ni kwamba bunduki moja hutumiwa na nyumba nzima: baba mrefu, mama mfupi, kijana anayekua. Hata mtu yule yule wakati wa baridi huvaa koti nene linaloongeza unene begani. Ndiyo maana wengi huondoa kitako kisichosogea na kufunga kinachorefushwa na kufupishwa. Kwa kawaida hicho huwa na hatua sita, na kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni zaidi kidogo ya inchi 3.

Mafundi wa zamani humtaka mteja aweke kitako kwenye kiwiko kwa ndani, bunduki ikiwa imethibitishwa kuwa haina risasi, waone kama kidole kinafikia kifyatulio. Kipimo hicho ni cha haraka tu. Kilicho bora ni mteja kuishika bunduki begani akiwa amevaa nguo atakazokuwa nazo kazini.

Nusu milimita

Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Katika AR-15 kitako hakifungwi kwenye mwili wa bunduki moja kwa moja. Huvishwa kwenye bomba la alumini lililo nyuma yake, ambalo ndani yake mna springi. Mabomba hayo yapo ya aina mbili. La kipimo cha kijeshi lina kipenyo cha inchi 1.148, sawa na milimita 29.2. La kibiashara lina inchi 1.168, sawa na milimita 29.7. Tofauti ni nusu milimita, na jicho haliioni.

Kitako cha kijeshi hakiingii kwenye bomba la kibiashara. Kitako cha kibiashara kinaingia kwenye bomba la kijeshi, lakini kinalegalega, na kila kikitikisika shabaha inayumba. Mnunuzi aliyelipa bila kupima hubaki na kipuri kizima, kipya, kisichomfaa. Mwenye busara huchukua kalipa, hupima bomba lake, huandika namba, ndipo anapokwenda dukani.

Baada ya kipimo ndipo huja maswali mengine. Je, kina kifungio cha kuondoa mtikisiko? Je, kina mpira wa kupunguza kishindo begani? Je, sehemu ya kuegemeza shavu inalingana na darubini iliyofungwa juu? Je, kina mahali pa kufungia mkanda wa kubebea? Bei huanzia makumi ya dola hadi kupita dola 200, na si lazima cha ghali ndicho kikufae.

Sheria nayo haisahauliki. Kuanzia mwaka 1994 hadi Septemba 2004, sheria ya shirikisho ilikitaja kitako cha kusogezwa miongoni mwa mambo yaliyozuia bunduki mpya za aina hii kuuzwa kwa raia. Ilipokwisha muda wake soko lilifunguka, ingawa majimbo kama California na New York bado yana masharti yake. Bunduki yenye mtutu chini ya inchi 16, au urefu wote chini ya inchi 26, inatakiwa kusajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1934.

Kipimo huzaa soko

Kwa kuwa kipimo cha bomba kinajulikana na kila karakana, hakuna kiwanda kimoja kinachomshika mkulima mateka. Mdogo naye anaweza kutengeneza kitako na kukiuza. Kampuni ya Magpul, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Richard Fitzpatrick, aliyewahi kuwa askari wa Marine, ilianza na kitanzi kidogo tu cha kurahisisha kuchomoa magazini. Baadaye ikaingia kwenye vitako na kuwa jina kubwa katika biashara hiyo.

Sisi tuna vipimo vya namna hiyo, ila hatuvitumii. Beringi namba 6204 ina tundu la milimita 20, upana wa nje milimita 47 na unene milimita 14, iwe imetengenezwa China au Ujerumani. Mkanda wa mashine wa aina ya A una upana wa milimita 13 upande wa juu, na wa aina ya B milimita 17.

Niliyajua hayo kwa hasara. Msimu mmoja wa mavuno mkanda wa mashine ya kusaga ya familia yetu ulikatika. Nilikwenda mjini mikono mitupu, nikamweleza muuzaji urefu tu, akanipa wa aina ya A. Puli yetu ilikuwa ya B. Mkanda ulizama, ukateleza, na kufikia jioni ulikuwa unanuka moshi. Muuzaji alikataa kuupokea. Kwa siku mbili wateja walibeba debe zao kwa jirani, na baadhi yao hawakurudi tena.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, unapokwenda kununua kipuri beba kile cha zamani, hata kama kimevunjika. Andika namba iliyo juu yake. Kama imefutika, mwombe fundi akupimie kwa kalipa. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama atakubali kubadilisha kisipoingia, na ahadi hiyo aiandike kwenye risiti.

Nawe mfanyabiashara, andika kipimo kwenye kila boksi rafuni mwako na uweke kalipa kaunta. Mteja aliyepimiwa vizuri mara ya kwanza hana sababu ya kutafuta duka jingine mashine yake ikisimama tena.