Simu Iliyolowa Haiponi kwa Mchele

Tangu mvua zilipoanza kunyesha kwa wingi katika nyanda hizi za Likuyani, maswali niliyoletewa na wasomaji wa Matunda, Soy, Kongoni na Moi's Bridge yamekuwa karibu swali moja lililovaa nguo mbalimbali: simu imetumbukia mtaroni, au imenyeshewa mfukoni safarini juu ya boda boda, au mtoto ameitia katika karai la nguo, je, izikwe ndani ya mchele kwa siku ngapi? Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mchele wafaa. Hilo wameliamini kama yakini, na kazi niliyobakishiwa ni kutaja idadi ya siku. Jawabu langu ni kwamba siku hizo zote ni hasara tupu, nami nitaeleza sababu kwa urefu, kwa kuwa jambo linalotendeka ndani ya simu iliyolowa ni la ajabu kuliko dawa iliyozuliwa ya kulitibu.

Mtu asidhani kwamba mambo haya hayana mahali katika ukurasa wa afya. Tarehe 25 Septemba 2023 ulizinduliwa mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini Kenya, na katika vifaa walivyoandaliwa, pamoja na mashine ya kupimia presha, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani na utepe wa kupimia mkono wa mtoto, imo simu janja yenye programu iitwayo eCHIS, iliyorithi kazi ya yale madaftari ya MOH 513 na 514. Mahali pasipo mtandao programu hiyo haikwami. Huandika kila kitu ndani ya simu yenyewe na kungoja, na mtandao ukipatikana ndipo rekodi hupanda kwenda hifadhi kuu. Basi simu ikifa kabla rekodi hazijapanda, ujauzito ulioandikishwa asubuhi, chanjo iliyomkosa mtoto na presha ya mzee wa mwisho kutembelewa vimekufa pamoja nayo. Na hapo jirani, ng'ambo ya mpaka wetu na Trans Nzoia, Daktari Hillary Rono wa Kitale na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti uliofanywa katika shule 50, miongoni mwa watoto zaidi ya 20,000: katika shule ambazo macho yalipimwa kwa programu ya simu iitwayo Peek, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe, asilimia 54 ya watoto waliopatikana na kasoro walifika hospitali, ilhali katika shule zilizofuata njia ya kawaida walifika asilimia 22 tu.

Walakini simu si tabibu, na wako wanaotaka tuamini kwamba ni tabibu. Kati ya mwaka 2014 na 2015 iliuzwa programu moja, Instant Blood Pressure, iliyodai kupima presha kwa mtu kuegemeza simu kifuani na kufunika kamera kwa kidole. Watafiti wa Johns Hopkins walipoichunguza na kuchapisha matokeo yao mwaka 2016, walikuta kwamba karibu watu wanne katika kila watano wenye presha ya juu waliambiwa wako salama. Kidole juu ya kamera chaweza kweli kuonyesha mapigo ya moyo, kwa kuwa rangi ya ngozi hubadilika kidogo kila damu inapopita, lakini presha haisomeki hivyo. Anayemuuzia mgonjwa utulivu wa uongo simwiti mbunifu, namwita mlaghai.

Turudi kwenye maji. Maji yaliyo safi kabisa hupitisha umeme kwa shida sana. Lakini ya Mto Nzoia, ya mtaroni, ya mferejini, na hata jasho la mfukoni, yamebeba chumvichumvi zilizoyeyuka, na hizo ndizo ziyapazo uwezo wa kuchukua umeme. Betri ya simu hutoa volti kama 3.7 hadi zaidi ya 4, na kwa hesabu ya kemia volti 1.23 zatosha kuanza kuyapasua maji. Tone likitua juu ya njia mbili za shaba zilizo karibu, nyembamba kuliko unywele, moja ya upande chanya na nyingine ya upande hasi, ile ya chanya huanza kumung'unyika: chembe kwa chembe shaba huingia majini, huogelea kuvuka tone, na ifikapo upande wa pili hurudi kuwa metali ngumu kama ilivyokuwa. Wala haitandazi pale kama rangi iliyopakwa ukutani, bali huota. Chembe hupenda kutua penye ncha iliyokwisha kuchomoza, kwa kuwa hapo ndipo mvuto wa umeme ulipo mkali zaidi, na kila inayotua huifanya ncha ile kuwa kali zaidi bado, hata ikatoa matawi, na matawi yakatoa vitawi, ukawa mti kamili unaokua kwa dakika badala ya miaka, ukinyoosha mikono yake kuelekea ule upande uliokuwa ukiliwa. Mti ukifika ng'ambo, pande mbili zimegusana. Umeme hupita usikopaswa kupita, na kijisehemu kilichosimama njiani huungua.

Kwa hiyo kinachoua simu ni umeme uliokutana na maji, na maji peke yake yangeweza kusubiri. Wala kuizima hakukati umeme wote, maana betri ingali imeunganishwa, na nyaya za kitufe cha kuwashia na za saa ya ndani zingali hai. Kwa simu za kale, zile kabambe, tulichomoa betri kwa ukucha na fitina ikaisha papo hapo.

Sasa mchele una nafasi gani katika vita hivyo? Maji yamekamatwa chini ya vifuniko vya bati vilivyofunika chipu, katika nafasi nyembamba mno, kwa nguvu ileile ipandishayo mafuta ya taa katika utambi, na punje iliyo nje ya kioo haina mkono wa kuyafikia. Wa kwanza kulijua hili angepaswa kuwa mkulima wetu, ambaye mahindi yake hukataliwa katika bohari la bodi ya nafaka, NCPB, pale Moi's Bridge yakizidi unyevu wa asilimia 13.5. Je, huyo huyakausha kwa kuyafungia guniani? Huyatandaza juu ya turubai na kuyageuza, upepo ukapita, kwa kuwa amekwisha kujifunza kwamba hewa inayotembea ndiyo ikaushayo, na kwamba nafaka iliyofungiwa pamoja na unyevu huota kuvu. Fauka ya hayo, vumbi la mchele huingia katika tundu la chaji, na kampuni ya Apple yenyewe ilionya mapema mwaka 2024 kwamba chembe zake zaweza kuiharibu simu. Simu zilizofufuka mcheleni zingalifufuka hata kabatini. Zilizokufa mcheleni hakuna azitajaye.

Wapo pia wanaoianika juani, wanaoiweka kando ya jiko, na mafundi wa uongo wanaopuliza hewa ya moto mpaka kava inalegea. Betri ya lithiamu haichezewi kwa joto: huvimba, huwaka, na moshi wake una gesi ya sumu inayochoma mapafu.

Nilikuwapo pale Moi's Bridge fundi mmoja wa kweli alipofungua simu ya mhamasishaji aliyeangushwa na boda boda karibu na mtaro, simu ikalowa, akaizika mcheleni siku tatu kwa shauri la majirani. Chini ya lenzi niliona ute wa rangi ya kijani na buluu umelala kandokando ya tundu la chaji, na punje moja ya mchele, iliyovimba, imekwama ndani ya tundu lenyewe. Fundi alichomoa waya wa betri kabla ya jambo lolote, akasugua ute ule kwa mswaki laini uliochovywa katika spiriti ya aisopropili, taratibu, kama anayemsafisha mtoto kidonda. Kioo kiliwaka, hifadhi haikusomeka.

Basi mambo ya kutenda ni haya. Itoe majini upesi, izime, usiitie chaji wala usiiwashe kuijaribu. Toa kava na laini, ifute, elekeza tundu chini, iache kivulini penye upepo, na siku hiyohiyo, si ya tatu, umpelekee fundi anayejua kukata betri na kusafisha kwa spiriti. Iliyolowa maji ya chumvi au ya sabuni haina subira hata ya saa chache. Na kama imeanguka katika choo cha shimo, iache huko. Watu wamekwisha kufa katika nchi hii kwa kuifuata: gesi ya haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na ikiwa kali huua kwanza hisi ya pua, hata aliyeshuka akadhani harufu imekwisha, akaanguka, na wa pili akashuka kumwokoa.

Yule mhamasishaji alikuwa amezitembelea kaya tisa siku ya ajali, na hakuna hata rekodi moja iliyokuwa imepanda. Jumatatu iliyofuata alizirudia zote kwa miguu, simu ya kuazima ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na jioni akasimama kando ya barabara ya lami, mahali ambapo mtandao hushika, akingoja mpaka rekodi ya tisa ilipokwisha kupanda.