IMANI ZA MSINGI ZA UBUDDHA KATIKA MWANGA WA INJILI

Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Twazoea kuihusisha na mashauri ya barazani na masengenyo, lakini yahusu pia namna tunavyoieleza imani ya mtu mwingine. Si haki kusema kwamba Wabuddha ni waabudu sanamu, kisha tukaishia hapo. Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi yale ambayo Wabuddha wenyewe huyasadiki, na kuyapima kwa Injili. Wala jambo hili si la nchi za mbali tu. Jijini Dar es Salaam liko hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na wahamiaji kutoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20.

Kweli Nne

Siddhartha Gautama alizaliwa Lumbini, katika nchi ya Nepal ya leo, na wataalamu wengi humweka katika karne ya 5 K.K. Mapokeo yasimulia kwamba aliishi kwa raha katika nyumba ya baba yake mtawala, hata alipokutana na mzee, mgonjwa na maiti. Akiwa na umri wa miaka 29 aliiacha jamaa yake akatafute dawa ya mateso. Alijitesa kwa kufunga miaka sita asiipate. Ndipo alipoketi chini ya mti huko Bodh Gaya, akapata nuru, akaitwa Buddha, maana yake "aliyeamka". Hakudai kuwa Mungu wala mjumbe wa Mungu.

Mafundisho yake yamepangwa kama kazi ya tabibu. Kwanza, ugonjwa: maisha yote yamechanganyika na dukkha, yaani mateso na kutotoshelezwa. Pili, chanzo chake: ni tanha, yaani kiu ya kupata, ya kuwapo na ya kushikilia. Tatu, uponyaji: kiu ikikoma, mateso hukoma, hali hiyo huitwa nibbana, au nirvana, neno lenye maana ya kuzimika, kama moto ulioishiwa kuni. Nne, dawa: njia ya sehemu nane, ambayo ni mtazamo, nia, usemi, matendo, riziki, juhudi, uangalifu na utulivu wa mawazo, vyote vikiwa sahihi.

Nyuma ya hayo liko fundisho la anatta, kwamba hakuna nafsi ya kudumu. Walimu wao hutoa mfano wa gari la kukokotwa. Gurudumu si gari, wala mhimili si gari. "Gari" ni jina tu la vitu vilivyokusanyika. Vivyo hivyo "mimi" ni jina la mwili, hisia na mawazo yanayopita. Hata hivyo matendo yana matunda, nayo huleta kuzaliwa tena na tena, kama mwali uwashao taa nyingine.

Mahali tunapokaribiana

Mkristo hana sababu ya kuudharau uchunguzi huu. Martin Luther, katika mihadhara yake juu ya Waraka kwa Warumi ya mwaka 1515 na 1516, alimweleza mwenye dhambi kuwa mtu aliyejikunja ndani ya nafsi yake, anayetafuta faida yake hata katika mambo ya Mungu. Kiu aliyoiona Buddha twaijua sisi pia.

Mahali tunapoachana

Hata hivyo, Maandiko hayasemi kwamba kosa letu ni kushikamana, bali kushikamana na kisicho Mungu. Ulimwengu uliumbwa mwema (Mwa. 1:31). Yesu alitamani sana kula Pasaka pamoja na wanafunzi wake (Lk. 22:15), tena alilia kaburini kwa Lazaro (Yn. 11:35). Upendo unaolia si ugonjwa. Na mtu si jina la vitu vilivyokusanyika. Ni kiumbe aliyeitwa na Mungu, na kwa kuwa Mungu humkumbuka, yuko.

Hapa lugha yetu yahitaji uangalifu. Tunapotangaza "kuzaliwa mara ya pili" (Yn. 3), sisi twasikia habari njema, Mbuddha aweza kusikia kifungo kinachorefushwa. "Uzima wa milele" nao aweza kuuelewa kuwa kiu isiyokoma. Mhubiri asiyelijua hilo atasema kweli, lakini hataeleweka.

Tena tusiseme kwa haraka kwamba Wabuddha wote hutegemea juhudi zao wenyewe. Katika Mahayana, tawi lililoenea China, Korea na Japani, alitokea Mjapani Shinran (1173–1263), aliyefundisha kwamba mwanadamu hawezi kujiokoa, bali ategemee kwa imani ahadi ya Buddha aitwaye Amida. Wamisionari Wajesuiti wa karne ya 16 waliona mafundisho hayo yakifanana na ya Luther. Karl Barth alilijadili jambo hilo mwaka 1938, akakata shauri kwamba kinachotofautisha si wazo la neema, bali jina la Yesu Kristo.

Hoja hiyo yatugusa sisi Walutheri hasa. Kama tungehubiri neema kama wazo zuri tu, tusingekuwa na la pekee la kusema. Lakini Imani ya Mitume yamtaja Pontio Pilato: neema yetu ina siku, mahali na mwili uliosulubiwa. Buddha alionyesha njia ya kutoka katika mateso. Kristo aliingia ndani yake, akafa, akafufuliwa.

Basi, Mkristo akutanapo na jirani Mbuddha aliyefiwa, asianze kwa kubishana juu ya sanamu. Na akiri kwamba mateso ni ya kweli, kisha amshuhudie Bwana aliyelia kaburini na kumwita mfu kwa jina lake. Huo ndio ushuhuda tuliokabidhiwa, nao hauhitaji kuungwa mkono na uongo wowote juu ya jirani.